Mkeka wa Kupoa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi. Naandika tena nione kama itakaa: leo nimeanza kazi.

Mimi niliyeishia kidato cha pili nimesimama mbele ya darasa la chekechea, nikaitwa Mwalimu na umati wa watu wasiofika kiunoni mwangu. Mmoja wao ni binti yangu mwenyewe, Chiriku, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe na ndiyo sababu ya jina.

Kazi ni ya muhula mmoja. Msaidizi aliyekuwepo amekwenda kujifungua. Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni, hakunikaribisha hata kukaa.

"Binti, sikufichi. Cheti huna. Nimekuchukua kwa sababu nimekuona ukimleta mwanao asubuhi, unainama ukitaka kuongea naye. Wengi huongea na watoto kama wanaita mtu ng'ambo ya barabara. Muhula ukiisha, nikiona unafaa, utabaki na shule itakupeleka kusomea. Nikiona hufai, tutaagana vizuri."

Halafu akaondoka na viatu vyake vigumu, ko, ko, ko. Mama yule unamsikia dakika nzima kabla hujamwona. Nimeshaanza kukiogopa kile kishindo.

Nyumbani mume wangu alinyoosha mkono juu tangu mlangoni. "Mwalimu, naomba ruhusa ya kwenda kunawa." Yeye ni fundi umeme, utani ndio mshahara wake wa pili. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hakucheka. "Kulea nako siku hizi ni kazi? Mimi nimelea sita, nani aliniajiri?"

Rohoni nilisema: mama, nataka hii kazi kama mtu anavyotaka maji.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga kamba za viatu mpaka vidole vimesahau kazi nyingine.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza, na nimejua kitu ambacho hakuna aliyenionya: mvua ikinyesha, watoto hawatoki. Chumba ni kimoja. Kuna meza tatu fupi, kabati la vitu vya kuchezea, dirisha la upande wa barabara, na bati juu. Mvua ikipiga bati, kila mtoto anapaza sauti asikike, na mwenzake anapaza zaidi, mpaka inakuwa kama soko linaloungua.

Anayeongoza ni Jenerali. Ana miaka mitano, kifua mbele, na akikasirika huwa anarusha vibao vya kujengea, kimoja kimoja, kama mtu anayelipa watu haki zao. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Nimeambiwa hilo na watu wanne tofauti, kila mmoja kwa kunong'ona.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Wamepigania kigari kisicho na magurudumu. Kuna kizima pembeni, hakuna aliyekitaka.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimebuni kitu. Sijui kama kitanipandisha au kitanizika.

Ilikuwa saa ya uji. Jenerali na Chiriku wangu walikuwa wanavutana ndoo ya bluu. Jenerali anapiga kelele, Chiriku anapiga kelele, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kelele kuwashinda wote wawili. Bati likatuzomea wote.

Hapo hapo akaja mtoto ninayemwita Bwana Kwanini, machozi yanamtoka, na kikombe mkononi. "Mwalimu, uji umeniunguza! Kwanini umeniunguza?" Nikakichukua kikombe nikakiweka dirishani kipoe. Nikakitazama kile kikombe. Nikamtazama Jenerali. Mvuke ulikuwa ule ule.

Nikatoa mkeka mkuukuu nyuma ya kabati, nikautandika kwenye pembe chini ya dirisha.

"Jamani, sikilizeni. Jenerali hana ubaya. Amechemka tu. Uji ukichemka, tunaupiga?"

"Hapanaaa!"

"Tunaugombeza?"

"Hapanaaa!"

"Tunafanyaje?"

"Tunauweka pembeniii!"

Basi tukapanga sheria. Aliyechemka anakwenda mkekani. Hakuna kumsemesha, hakuna kumcheka, hakuna kumtolea ulimi. Mwenyewe akiona yuko sawa, anasema, "Nimepoa," na sisi wote tunajibu, "Karibu!" Chiriku akawa wa kwanza kwenda, kwa sababu alipenda mkeka, na akapoa kabla hajakaa.

Ndipo Bwana Kwanini akauliza, "Na mkubwa akichemka?"

Sikutaka kumdanganya mtoto. "Hata mkubwa anakwenda."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Hata Mwalimu Mkuu?"

Nikasikia ko, ko, ko koridoni. "Hata... haya, nani anataka kuimba?"

Jumatano, 20 Machi

Jenerali leo amekwenda mkekani mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Mnara wake ulianguka, akainua kibao juu, mkono ukabaki hewani, halafu akakiweka chini taratibu na kwenda zake pembeni, akatupa mgongo. Mabega yalikuwa yamegusa masikio. Nikayaangalia yakishuka, kidogo, kidogo. "Nimepoa." "Karibu!" Akarudi, akajenga upya, akaanza kwa kumpa mwenzake kibao kirefu.

Nikaenda nyuma ya kabati nikalia. Nilidhani kazi hii ni a, e, i, o, u. Kumbe kuna herufi nyingine kabla ya hizo, na mimi nimemwona mtu akiisoma kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Bwana Kwanini akachungulia. "Mwalimu, umechemka?"

"Hapana mwanangu. Navuja."

"Kama bati?"

"Kama bati."

Akaridhika akaenda kuwatangazia wenzake.

Jumatatu, 25 Machi

Balaa limeingia nyumbani.

Mama mkwe alikuwa ananisema kuhusu sufuria niliyounguza. Sufuria ikaleta habari ya sabuni, sabuni ikaleta habari ya mwaka juzi. Nikashtukia Chiriku anaburuta mkeka wa bibi yake kutoka chumbani, anahema kama mpagazi.

"Bibi, umechemka. Kaa hapa upoe."

Hata mvua naona ilisikiliza.

"Mimi?" mama mkwe akasema. "Mimi niliyemzaa baba yako?"

"Baba naye huwa anakaa," Chiriku akamjibu kwa upole, kama daktari. Mume wangu akacheka mpaka kikombe kikamponyoka. Chiriku akamgeukia. "Hakuna kumcheka. Na wewe nenda."

Basi akaenda, fundi mzima, akakaa mkekani amekunja miguu. Mama mkwe akatazama mwanawe, akatazama mjukuu, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baada ya muda tukasikia sauti ndogo ndani: "Nimepoa!" Chiriku akajibu, "Karibu!"

Lakini chakulani hakunitazama.

Jumatano, 27 Machi

Kumbe si kwangu tu. Leo getini wazazi walikuwa wananisubiri. Fundi cherehani alikuwa anashika mbavu: "Mwalimu, mwanangu amemweka mteja wangu pembeni! Mama wa watu kaja kugomba gauni linambana, mtoto anamwambia kaa upoe. Na akakaa! Alivyonyanyuka gauni likamtosha." Mwingine akasema mumewe, askari wa barabarani, ameamriwa mara mbili kwa usiku mmoja na mtu wa miaka minne.

Tukacheka wote. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu, hakucheka.

"Uliwaambia wazazi kabla ya kuanza jambo hili?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mm."

Ni hiyo tu. Afadhali angenitukana. Nitalala na hiyo "mm" kama mtu aliyelala na jiwe la figo.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Maji yameingia mpaka kizingiti. Tumehesabu vyura. Bwana Kwanini ametaka kujua kama vyura nao huchemka.

Jumanne, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Ilikuwa asubuhi, mvua inamwagika kama imekatiwa kamba. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo akaingia Baba Jenerali, mwenyekiti mwenyewe, suruali imelowa mpaka magotini, mwavuli umegeuka ndani nje.

"Ni nani anayewafundisha watoto wetu kuwaadhibu wazazi wao?"

Nikasimama. Nilikuwa na bakuli la gundi mkononi, na mtoto amenishika sketi. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini! Jana nilikuwa na wageni wangu. Watu wa maana! Tunazungumza biashara, sauti imepanda kidogo..."

"Ilipanda sana," Jenerali akasema kutoka mezani.

"Nyamaza! Sauti imepanda kidogo, mwanangu anatoka na kitambaa cha kufutia miguu, kile cha mlangoni, anakitupa mbele yangu, mbele ya wageni! 'Baba, kaa upoe.' Wageni wakaangua kicheko. Biashara imekwama! Mtu atanunuaje saruji kwa mwanamume aliyekalishwa na mtoto?"

"Mzee wangu, nisamehe, mimi..."

"Huna hata cheti! Nani kakuweka hapa? Ukimaliza mwezi huu humu ndani, mimi si mwenyekiti!"

Nikageuka. Watoto wote walikuwa wameacha vibao, wanamtazama Baba Jenerali kwa huruma kubwa. Halafu, bila kuambizana, mikono ikaanza kunyooka, mmoja mmoja, mpaka darasa zima lilikuwa linaonyesha pembeni, chini ya dirisha.

"Jamani, shusheni mikono," nikasema. Hakuna aliyeshusha. Chiriku akasogeza mkeka kidogo ili mzee asipate shida ya kuinama.

Baba Jenerali akatazama mkeka. Akanitazama. Uso ulikuwa na rangi ya bitiruti. Akageuka na kutoka mvuani, mwavuli akausahau. Jenerali akaenda dirishani, akapanda juu ya kiti, akamtazama baba yake akivuka barabara. "Hajapoa," akasema.

Nilimbeba. Ni mzito kuliko anavyoonekana.

Alasiri Mwalimu Mkuu akaniambia mwenyekiti ameitisha mkutano wa wazazi, Ijumaa ya wiki ijayo. Ajenda ni moja. Ni mimi.

Jumatano, 10 Aprili

Sikula. Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini baada ya watoto kuondoka. Nilikwenda nimejiandaa kuagwa vizuri.

Alikuwa amevua viatu, ameweka miguu juu ya boksi la chaki. Miguu imevimba. Sikujua nitazame wapi.

"Unavichukia viatu vyangu," akasema.

"Hapana, Mwalimu!"

"Kila mtu anavichukia. Hata mimi. Ninavyo vya mpira, laini, viko kwenye droo. Lakini mwalimu mkuu anayenyata anakuta watu wamekosea. Mwalimu mkuu anayesikika anawapa muda wa kujirekebisha. Mtoto anaacha kumfinya mwenzake, mwalimu anaweka simu mfukoni. Nikifika, mambo ni mazuri, na hakuna aliyeaibika." Akajikanda kisigino. "Hata wewe siku ile ulipata muda. 'Hata... haya, nani anataka kuimba.'"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Mkeka ni kitu kizuri. Lakini wewe uliingia kwa watu kwa kunyata. Ijumaa sitakutetea, binti. Nikikutetea, watasema ni mtu wangu. Utasimama mwenyewe."

Kumbe wiki zote hizi nilikuwa namwogopa mtu anayebisha hodi kwa miguu yake.

Jumatatu, 15 Aprili

Nafanya mazoezi ya hotuba. Mume wangu amekaa kwenye kiti anajifanya wazazi wote: mara anakohoa, mara anauliza maswali ya kijinga, mara anasinzia. "Wazazi wapendwa," nikaanza. Kutoka chumbani mama mkwe akapaza sauti: "Sema kwa nguvu! Unahutubia au unasali?"

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nilifika mapema kukung'uta mkeka. Nikamkuta Baba Jenerali amesimama kibarazani, peke yake. Nikadhani amekuja kuchukua mwavuli. Nikamletea. Akaupokea, hakuondoka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kununua kitu cha magendo.

"Dada," akasema, na safari hii sauti ilikuwa chini, "nataka kuuliza. Mtu anajuaje kama amepoa?"

Nikataka kutafuta jibu la kitabuni, sina. Nikamwambia ninachokiona. "Mimi huwa natazama mabega, mzee. Yakiwa juu masikioni, bado. Yakishuka, tayari."

Akajitazama bega moja, akajitazama la pili. "Mtoto anakataa kula na mimi," akasema. "Tangu siku ile. Anasema atanisubiri."

Kabla sijajibu, ko, ko, ko. Mzee akafungua mwavuli, ingawa mvua ilikuwa haijaanza, akaenda zake.

Sijui kesho atasema nini. Aliyeniuliza leo kwa upole ndiye atakayeshika kengele ya mkutano.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkutano umekwisha.

Kwanza viti. Shule haina viti vya wakubwa, kwa hiyo wazazi wote walikaa kwenye vya watoto, magoti yamegusa videvu. Askari wa barabarani alinasa akabaki hivyo. Mama mkwe alikuja pia, sikumwalika. Amekaa mbele kabisa na kitenge chake cha kutokea, mkoba mapajani.

Baba Jenerali akagonga kengele. Baba mmoja mwenye tai akasimama, kiti kikasimama naye. "Mimi sina ugomvi na dada. Ila mwanangu anajua kupoa, hajui kuhesabu kupita kumi. Tunalipa ada akakae mkekani?"

Fundi cherehani akamrukia: "Na wewe ulipokuwa na miaka minne ulihesabu mpaka ngapi?" Wakaanza. Sauti zikapanda. Mwalimu Mkuu alikaa kimya kando ya ukuta. Nikasimama kabla hotuba haijanitoroka, na ikanitoroka hapo hapo, yote. Hata "wazazi wapendwa" sikuipata.

"Nimekosa," nikasema. Wakanigeukia. "Si kwa mkeka. Nimekosa kwa sababu niliingia nyumbani kwenu bila hodi. Niliwapa watoto sheria wakaibeba mpaka sebuleni kwenu, na ninyi hakuna aliyewaambia. Ningekuwa mimi ningekasirika. Mimi mwenyewe nimewekwa mkekani na mwanangu, na haipendezi." Watu wakacheka kidogo. "Kuhesabu watajua, baba, nakuahidi, na nitajitahidi zaidi. Lakini mtoto anayeogopa hahesabu vizuri. Nimewaona. Anayepigiwa kelele anaruka kutoka tatu mpaka tisa ili amalize haraka. Mimi sijui mengi. Najua nikiamka asubuhi natamani kufika hapa kabla yao, nifungue dirisha, niwasubiri. Mkinitoa sitakufa. Lakini nitapita njia nyingine, kwa sababu hii ya kupita hapa sitaiweza."

Nikakaa. Mama mkwe akageuka akawatazama wazazi wote, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta aliyeiba.

Mtu wa nyuma akauliza, "Sasa mwenyekiti, wewe ndiye uliyetuita. Anatoka au anabaki?"

Baba Jenerali akasimama. Akaanza kwa sauti ile ile ya siku ile: "Mimi niliapa hapa..." Halafu akakwama. Nikaona mabega. Yalikuwa juu. Akavuta pumzi, yakashuka, bega la kushoto likitangulia.

"Zamani," akasema, "mwanangu akisikia funguo zangu mlangoni alikuwa anajificha nyuma ya kochi. Mimi nilidhani ni heshima." Akakohoa. "Jana usiku nilikaa. Kwenye kile kitambaa. Mke wangu alifunga mapazia. Mtoto akanikaribisha, tukala. Leo nilipofika nyumbani alikuja mlangoni kunikagua. Sasa mnataka nimtoe huyu dada, nikamweleze nini mkaguzi wangu?"

Chumba kikalipuka. Askari alicheka mpaka kiti kikavunjika, ndivyo alivyonasuka. Wakakubaliana jambo moja: kitu chochote kipya, wazazi wataambiwa kwanza. Mwenye tai akaongeza la kuhesabu, nikalipokea.

Tulipokaribia nyumbani mama mkwe alinigeukia. "Ulisimama vizuri," akasema. "Ila siku nyingine usiseme 'sijui mengi'. Hayo waachie wao wayaseme."

Jumatatu, 22 Aprili

Tumehesabu mpaka kumi na tatu. Bwana Kwanini anataka kujua nani aliamua zifuatane hivyo.

Ijumaa, 26 Aprili

Siku ya mwisho ya muhula. Watoto wameondoka, nimefuta meza, nimefuta tena. Wazazi wamesema yao, lakini aliyeniajiri hajasema. Mwalimu Mkuu akaingia, na sikumsikia. Nikashtuka. Alikuwa amevaa viatu vya mpira.

"Muhula umeisha," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Unaimba nje ya sauti, na kabati lako ni aibu." Akatazama darasa tupu. "Mafunzo ya walimu wa awali yanaanza Jumatatu ijayo, wiki mbili, nimeshakuandikisha. Ukirudi, darasa la wadogo kabisa ni lako. Peke yako. Mimi sitapita kila saa, miguu imechoka."

Nilimshukuru mara nyingi, nikafika mpaka kumshukuru mlinzi. Nyumbani mume wangu alininyanyua juu akanigonga kwenye taa aliyoifunga mwenyewe. Nilipouliza nani atakaa na Chiriku wiki hizo mbili, mama mkwe akasema amelea sita, anataka kusikia swali jingine. Jioni nikamsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia jirani: "Mke wa mwanangu? Mwalimu. Eeh. Amekwenda kuongeza elimu."

Nilikuwa bado sijaondoka.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Matope yamekauka yakawa vumbi. Nilifika kabla yao, nikafungua dirisha la darasa langu.

Wa kwanza alikuja amebebwa na babu yake, ana miaka mitatu, analia kwa mpango, anapumzika anaanza upya. Babu akamweka chini akaondoka haraka kama nilivyomwelekeza. Nikapiga magoti mpaka macho yetu yakalingana, nikamwambia mimi ni mwalimu wake, nimefurahi sana kumwona, yeye anaitwa nani?

Akanitazama kwa makini. Akaacha kulia. Akaniuma mkono.

Nimemwandika wa kwanza.